Amri, Lango na Daraja: Historia Fupi ya Maneno ya Kuelekeza Vyombo vya Mtandao

Utangulizi

Fundi wa mitandao anapotaka kukipa kazi kifaa kipya cha kuunganisha kompyuta, hashiki bisibisi wala hageuzi kishikio. Huchomeka waya, hukaa mbele ya kioo kilicho kitupu isipokuwa alama moja ndogo inayomngoja, kisha huandika maneno. Kifaa husoma mstari mmoja, hutii au hukataa, halafu hungoja mstari mwingine. Kazi yote hiyo, ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa kusanidi, ni kazi ya lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ni jambo linalotuhusu sisi tunaoshughulika na istilahi, ingawa kwa muda mrefu tumewaachia mafundi peke yao.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maneno yanayotumika katika kazi hiyo: mahali yalipozuka, sababu za kuchaguliwa kwake, na jinsi baadhi yake yalivyobadilika au kuachwa. Tunafanya hivyo kwa sababu moja kubwa. Watafsiri wengi hudhani kwamba neno la kigeni la kitaalamu lina maana moja iliyokwisha kukazwa, na kwamba kazi ya Kiswahili ni kulifuata tu. Historia inaonyesha vingine. Maneno hayo katika Kiingereza chenyewe yalibuniwa na watu, yakagombewa, yakabadilishwa kwa sababu za kitaalamu na pengine za kibiashara, na hata yakafikishwa mahakamani. Anayeijua historia hiyo atatambua kwa urahisi ni neno lipi la kutafsiri, lipi la kueleza, na lipi lisiloguswa kabisa.

Vifaa viwili na kazi zake

Kabla ya kuyaendea maneno, yafaa tuvitambue vitu vyenyewe. Vifaa tunavyovizungumzia ni viwili. Cha kwanza huunganisha kompyuta zilizo pamoja, kwa mfano zile za ofisi moja au za chuo kimoja. Nacho huitwa swichi. Cha pili huunganisha mtandao mmoja na mtandao mwingine, na huamua ujumbe upite njia ipi ili ufike mbali. Nacho huitwa kipanga njia, au katika maongezi ya mafundi, ruta.

Tofauti yao twaweza kuifananisha na ile iliyopo baina ya mjumbe wa nyumba kumi na Posta. Mjumbe huwajua watu wa nyumba zake mmoja mmoja. Ukimpa barua ya mtu wa hapo ataifikisha mlangoni bila kuuliza mkoa wala wilaya. Lakini ukimpa barua ya mtu wa Kigoma, naye yuko Tanga, hatakuwa na la kufanya ila kuipeleka Posta. Posta nayo haimjui mwenye barua. Yaijua njia ya kwenda Kigoma. Vivyo hivyo, swichi hutazama anwani ya kifaa chenyewe, ambayo hutolewa kiwandani na huwa na biti 48. Kipanga njia hutazama anwani ya mtandao, ambayo katika mfumo wa zamani ulioenea zaidi ina biti 32, na sehemu yake ya mwanzo ndiyo inayotaja mtandao unaokusudiwa.

Asili ya amri za kuandika

Desturi ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi ni kongwe kuliko mitandao. Hapo awali kompyuta zilipokea kazi kwa kadi zilizotobolewa, na mtu alisubiri kwa saa nyingi kabla ya kupata jibu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, ulitengenezwa mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu za haraka, kila mmoja akiwa na taipu yake iliyounganishwa kwa waya. Hapo ndipo mazungumzo ya mtu na mashine, mstari kwa mstari, yalipokuwa jambo la kawaida.

Miongoni mwa waliofanya kazi katika mfumo huo alikuwa Mfaransa Louis Pouzin. Yeye ndiye aliyelitumia neno la Kiingereza "shell", yaani gamba au ganda, kuita programu inayosimama baina ya mtu na kiini cha kompyuta, ikipokea amri na kuzitekeleza. Neno hilo lingali likitumika. Pouzin huyohuyo, aliporejea Ufaransa, aliongoza katika miaka ya 1970 ujenzi wa mtandao ulioitwa CYCLADES, ambao mawazo yake yaliwasaidia sana waliounda intaneti. Hivyo amri za kuandika na mitandao ya kompyuta ni mambo yaliyokua pamoja, pengine hata mikononi mwa mtu yule yule.

Ushahidi mwingine wa ujirani huo ni ujumbe wa kwanza kabisa wa mtandao wa ARPANET. Tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijaribu kuingia katika kompyuta iliyokuwa kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, kiasi cha kilomita 500 kutoka pale. Neno alilokusudia kuliandika lilikuwa "login", yaani amri ya kuomba kuingia. Herufi mbili za kwanza zilifika; kabla ya ya tatu, kompyuta ya upande wa pili ilianguka. Baada ya muda wa kama saa moja jaribio lilifaulu. Ni dhahiri, basi, kwamba kitu cha kwanza kilichosafirishwa na mtandao huo hakikuwa barua wala hesabu. Kilikuwa amri iliyokatika katikati.

Pakiti: neno lililochaguliwa kwa kuwafikiria wenye lugha nyingine

Mitandao hii haipeleki ujumbe ukiwa mzima. Huukata vipande vidogo, kila kipande kikabandikwa anwani, na vipande vyote vikaunganishwa tena mwisho wa safari. Wazo hilo lilibuniwa na watu wawili mbalimbali katika miaka ya 1960. Paul Baran wa Marekani aliviita vipande hivyo kwa jina refu lenye maana ya mapande ya ujumbe. Donald Davies, mtaalamu wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, aliona kwamba jina hilo halifai. Alimwendea mtaalamu wa lugha, akashauriana naye, akachagua neno "packet", kwa kuwa alitaka neno fupi ambalo lingeweza kupokewa na lugha nyingine bila taabu.

Sisi wa Kiswahili tunaweza kuthibitisha kwamba hakukosea. Neno pakiti lilikuwa limekwisha kuzoeleka madukani petu, kwa sigara, chai na maziwa, na lilipoletwa katika habari za mitandao halikumshangaza mtu. Wako waliopendekeza kifurushi. Pendekezo hilo lilikuwa zuri kwa sura, lakini limepitwa na mambo: watu wa simu za mkononi wamekwisha kulitwaa neno kifurushi kwa maana ya kiasi cha huduma kinachonunuliwa kwa siku au kwa mwezi. Mtafsiri atakayeandika kwamba kipanga njia "kimepoteza kifurushi" atamfanya msomaji adhani kuwa salio limeliwa. Tunaona, basi, kwamba istilahi haipimwi kwa uzuri wa asili yake tu, bali pia kwa nafasi iliyobaki wazi katika matumizi ya watu.

Lango na kipanga njia

Kifaa kilichozihudumia kompyuta za kwanza za ARPANET kilikuwa kompyuta ya Honeywell iliyorekebishwa na kampuni ya BBN, yenye ukubwa wa jokofu. Cha kwanza kilifikishwa Los Angeles mwishoni mwa Agosti 1969, na kabla ya mwaka kwisha vilikuwa vinne. Jina lake rasmi lilikuwa na maana ya kichakata ujumbe kilicho kiungo cha kati. Waliokitumia walilifupisha kwa herufi tatu, IMP.

Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha makala yao maarufu juu ya namna ya kuunganisha mitandao ya aina mbalimbali, walikiita kifaa kinachosimama mpakani mwa mitandao "gateway", yaani lango. Neno hilo likashika. Hati rasmi ya mwaka 1987 iliyoweka masharti ya vifaa hivyo katika intaneti bado ilitumia lango. Lakini hati iliyoifuata, ya mwaka 1995, ilitumia "router", yaani kipanga njia, na ikaeleza kwamba ndicho kitu kilekile kilichoitwa lango zamani. Wakati huohuo shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilikuwa na jina lake la tatu, lenye maana ya mfumo wa kati. Kitu kimoja, majina matatu, ndani ya miaka ishirini na katika lugha ileile.

Hata hivyo, neno la zamani halikufa. Mtumishi yeyote wa ofisi anayefungua ukurasa wa mipangilio ya mtandao katika kompyuta yake ataona mahali pa kuandika anwani ya lango. Hapo neno halitaji tena kifaa. Lataja kazi, yaani mahali ujumbe unapopitia ili utoke nje ya mtandao wa ndani. Mtafsiri asiyeijua historia hii huweza kudhani kwamba lango na kipanga njia ni visawe, akatumia hili leo na lile kesho. Sisi twaona yote mawili yahifadhiwe, kila moja na kazi yake: kipanga njia liwe jina la kifaa, na lango liwe jina la wadhifa wake mbele ya kompyuta za ndani.

Daraja lililogeuka swichi

Historia ya swichi inafunza zaidi. Katika miaka ya 1980 kifaa kilichounganisha sehemu mbili za mtandao wa ndani kiliitwa "bridge", yaani daraja. Mwaka 1985 Radia Perlman, mtaalamu wa kampuni ya DEC, alichapisha utaratibu wa kuyazuia madaraja mengi yasiuzungushe ujumbe bila kikomo. Utaratibu huo uliingizwa katika kiwango cha kimataifa cha madaraja cha mwaka 1990.

Mwaka huohuo wa 1990 kampuni ndogo iliyoitwa Kalpana ilianza kuuza daraja lenye milango saba, lililofanya kazi kwa kasi kubwa. Soko la wakati ule lilikuwa limeanza kuyadharau madaraja na kuvisifu vipanga njia. Kampuni ikaiita bidhaa yake swichi. Mwaka 1994 Kalpana ilinunuliwa na Cisco, na jina swichi likaenea duniani. Lakini hati za viwango hazikukubali kubadilika: mpaka leo zinatumia neno daraja. Jina tunalolitumia sote lilitoka sokoni, wala halikutoka maabarani.

Neno lenyewe lilikuwa limesafiri sana kabla ya hapo. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya ufito au kiboko chembamba; baadaye likawa jina la reli fupi inayosogezwa ili kuielekeza garimoshi njia nyingine; kisha likaingia katika umeme na simu. Kiswahili kililipokea kutoka katika umeme, na kwa wengi wetu swichi ni ile ya kuwashia taa ukutani. Ndiyo sababu mwanafunzi mgeni huuliza kama swichi ya mtandao huzimwa na kuwashwa. Mwalimu hana budi kueleza mapema kwamba hapa maana inatoka upande wa simu: anakumbushwa yule mtumishi wa zamani aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya kuunganisha anayepiga na anayepigiwa. Swichi hufanya kazi hiyohiyo, mara nyingi mno kwa nukta moja.

Lugha ya amri na mitego yake

Kampuni ya Cisco, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Leonard Bosack na Sandy Lerner waliokuwa watumishi wa Chuo Kikuu cha Stanford, ndiyo iliyoieneza zaidi lugha ya amri tunayoizungumzia. Chimbuko la bidhaa zake ni kifaa kilichoundwa chuoni hapo: ubao wake wa elektroniki ulibuniwa na Andy Bechtolsheim, na programu yake iliandikwa na William Yeager. Hata adabu za mazungumzo yake zilikuwa na mfano wa kale. Desturi ya kuandika alama ya kuuliza ili mashine ikutajie maneno yanayoweza kufuata, na ile ya kulifupisha neno maadamu halichanganyiki na jingine, zilikuwamo tayari katika mfumo wa TOPS-20 wa kompyuta za DEC, uliotumika Stanford.

Lugha hiyo ina msamiati mdogo na sarufi kali. Ina ngazi pia. Anayeingia huwa kwanza mtazamaji, na alama inayomngoja ni ya mshale. Akiandika "enable" na neno la siri, hupewa madaraka, na alama hubadilika. Akiandika tena "configure terminal" huingia mahali pa kutolea amri za kubadili kifaa. Mtafsiri hujikwaa papo hapo. Tumeona maelekezo yanayoifasiri amri hii kuwa "sanidi kituo" au "sanidi kioo", kana kwamba kinachosanidiwa ni kile anachoandikia fundi. Sivyo. Hapo zamani usanidi uliweza kusomwa kutoka katika kumbukumbu ya kifaa, au kuletwa kwa njia ya mtandao, au kuandikwa kwa mkono kwenye kioo na kibao cha herufi. Neno la pili la amri lilitaja mahali usanidi unapotoka. Maana yake ni: "sanidi kifaa hiki kwa amri nitakazoandika hapa." Bila historia, neno hilo haliwezi kufasiriwa sawasawa.

Mtego wa pili ni amri "no shutdown". Mwenye kufuata maneno huandika "usizime", na msomaji akadhani kwamba mlango uko wazi, naye anauomba ubaki hivyo. Lakini katika lugha hiyo, neno "no" likitangulia amri huiondoa amri hiyo. Na katika vipanga njia vya aina hiyo, milango huja imefungwa tangu mwanzo. Maana ya mstari huo, basi, ni "ondoa amri ya kufunga", yaani "fungua mlango". Mwanafunzi aliyefundishwa "usizime" huruka mstari huo kwa kuuona hauna haja, kisha hukaa mchana kutwa akitafuta kwa nini mtandao haupiti.

Mtego wa tatu ni mkali zaidi. Mitandao kadhaa ya ndani inapopita katika waya mmoja kati ya swichi mbili, fundi huandika orodha ya mitandao inayoruhusiwa. Akitaka kuongeza mtandao wa 30 katika orodha iliyopo, lazima aandike neno "add", yaani ongeza. Akilisahau, mashine haitaongeza; itaifuta orodha yote ya zamani na kuuacha mtandao wa 30 peke yake. Idara zote nyingine hukatika papo hapo, na mara nyingi fundi mwenyewe hukatika nazo, maana alikuwa akiiamuru swichi hiyo kutoka mbali. Mfasiri wa maelekezo aliyeliacha neno hilo dogo kwa kuona ni pambo tu la Kiingereza, amewakatia watu mawasiliano bila kuinuka kitini.

Mtego wa nne unahusu kuhifadhi. Amri hutekelezwa mara tu zinapoandikwa, lakini hukaa katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika kabla fundi hajaunakili usanidi unaotumika na kuuweka penye usanidi wa kuanzia, kazi yote hupotea. Majina ya Kiingereza ya aina hizi mbili za usanidi yanafanana kiasi cha kumpoteza mgeni. Kiswahili kina nafasi ya kuzitofautisha wazi. Katika nchi ambazo kukatika kwa umeme si jambo la ajabu, jambo hili halifai kuachwa mwisho wa sura kwa herufi ndogo.

Je, maneno ya amri yana mwenyewe?

Kampuni nyingine zilipoanza kutengeneza vifaa vya namna hiyo, ziliona ni afadhali kutumia amri zilezile, kwa kuwa mafundi walikuwa wamekwisha kuzizoea. Mwishoni mwa mwaka 2014 Cisco iliishitaki kampuni ya Arista, ikidai kwamba mamia ya amri zake yamenakiliwa kinyume cha haki ya mtunzi. Desemba 2016 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua kwamba Arista haikuwa na hatia katika dai hilo. Lilikubali hoja kwamba maneno ya namna hiyo ni ya kawaida katika kazi hiyo, wala mtu mwingine hangeweza kuyakwepa. Mwaka 2018 kampuni hizo zilipatana kumaliza mashauri yao yote, na Arista ikalipa dola milioni 400.

Tunaitaja kesi hii kwa sababu inagusa swali letu wenyewe. Amri ni nusu lugha na nusu chombo. Kwa upande wa lugha, ni maneno ya kawaida ya Kiingereza ambayo hayawezi kuwa mali ya mtu mmoja. Kwa upande wa chombo, ni kama meno ya ufunguo: ukiyabadili kidogo, kufuli haifunguki. Ndiyo maana twasema amri yenyewe isitafsiriwe kamwe ndani ya mstari wa kuandikwa. Mashine haijui Kiswahili, na kwa kweli haijui Kiingereza pia. Inajua meno ya ufunguo tu. Kinachotafsiriwa ni maana yake kwa binadamu.

Neno na sheria: mfano wa Nairobi

Watumishi wa serikali wanaweza kuuliza yawahusu nini. Tutatoa mfano mmoja. Mwaka 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya walianzisha jijini Nairobi mahali pa kukutanishia mitandao yao, palipoitwa kwa kifupi KIXP. Kabla ya hapo, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani iliyo na mtoa huduma mwingine ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Gharama ilikuwa kubwa na mwendo ulikuwa wa pole. Mahali pa kukutania, ambapo moyo wake ni swichi, paliiondoa safari hiyo.

Lakini kampuni ya Telkom Kenya wakati huo ilikuwa na haki ya peke yake ya kupitisha mawasiliano ya nje, nayo ililalamika kwamba haki hiyo imeingiliwa. Tume ya Mawasiliano ikaamuru mahali hapo pafungwe baada ya muda mfupi tu. Watoa huduma walijitetea kwamba pale hapakuwa na mawasiliano ya nje, bali mitandao ya ndani ilikutana tu. Baada ya mabishano marefu, leseni ilitolewa, na KIXP ilifunguliwa tena Februari 2002.

Ugomvi huo ulikuwa na mambo ya fedha na madaraka ndani yake, hilo halina shaka. Hata hivyo, kiini chake kilikuwa swali la istilahi: je, kitu hiki ni lango la kutokea nje, au ni mahali pa kukutania ndani? Sheria ilikuwa na jina la lile la kwanza, na haikuwa na jina la hili la pili. Kitu kisicho na jina katika sheria huhukumiwa kwa jina la jirani yake. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, barua za Nairobi kwenda Nairobi ziliendelea kuzunguka dunia.

Nafasi ya Kiswahili

Kiswahili hakianzi leo kuyakabili mambo haya. Waya wa simu wa chini ya bahari ulipofika Unguja mwaka 1879, watu walipata neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya. Likaitwa hivyo la maandishi, likaitwa hivyo la sauti, na sasa laitwa hivyo lisilo na waya hata kidogo. Neno lilikaa, kitu kilibadilika chini yake. Kadhalika itifaki, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mapatano, lilitumika katika adabu za mabalozi, na leo hutaja mapatano ya kompyuta juu ya namna ya kuzungumza. Kwa kweli, neno hilo linaieleza kazi hiyo kwa uwazi mkubwa.

Utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi, yaani kuanzia Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni, ulitupatia bunge kutoka Kiha na ikulu kutoka Kinyamwezi. Katika kompyuta matokeo yamekuwa mchanganyiko. Tanzania husema kompyuta, na shule za Kenya hufundisha tarakilishi. Toleo la Kiswahili la programu za ofisi lililotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, Jambo OpenOffice, lilionyesha kwamba menyu nzima yaweza kusemwa kwa Kiswahili. Lakini lugha ya mafundi wa mitandao haijashughulikiwa kwa kiasi hicho. Mathalani, neno kiolesura limekubalika kwa sura ya programu anayoiona mtumiaji; mtafsiri akilitumia pia kwa tundu la kipanga njia linalochomekwa waya, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, anazika tofauti ambayo Kiswahili kingeweza kuionyesha. Hapo mlango, au poti kama wasemavyo mafundi, latosha.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne kwa wanaotafsiri au kufundisha maelekezo ya namna hii. Kwanza, amri iandikwe kama ilivyo, herufi kwa herufi, kwa maandishi yanayotofautiana na maelezo. Pili, kila amri ifuatwe na sentensi kamili ya Kiswahili inayosema tendo na matokeo yake, si tafsiri ya neno kwa neno. Tatu, dhana moja ipewe jina moja tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho: swichi, kipanga njia, lango, pakiti, itifaki, mlango. Nne, tahadhari itangulie amri yenye hatari, isiifuate.

Kwa watunga sheria na kanuni tunaongeza la tano: jina la kifaa liandikwe pamoja na kazi yake, ili lisije likatumiwa kukihukumu kifaa kingine.

Waliobuni vifaa hivi waliviita lango, wakabadili. Wakaviita daraja, soko likabadili. Mmoja wao alikwenda kumwuliza mtaalamu wa lugha kabla ya kuchagua neno, na neno lake halikuhitaji kubadilishwa tena. Mafundi wetu nao wasichelewe kuuliza, na sisi tusichelewe kuwajibu.